Kubadili tarehe za kale za Kijapani bila kupotea mwaka

Tangazo la kurejesha utawala mikononi mwa Kaizari lilitolewa Kyoto tarehe 3 Januari 1868. Vita vya Toba-Fushimi, vilivyovunja nguvu za shoguni (mtawala wa kijeshi) wa mwisho, Tokugawa Yoshinobu, vilianza siku ya 3 ya mwezi wa 1, mwaka wa 4 wa enzi ya Keio; enzi ni kipindi chenye jina lake, ambacho miaka yake huhesabiwa upya kuanzia wa kwanza. Anayesoma haraka hudhani mambo haya mawili yalitokea siku moja. Yamepishana siku 24. Tangazo lilitolewa siku ya 9 ya mwezi wa 12, mwaka wa 3 wa Keio. Vita vilianza 27 Januari 1868.

Makosa ya namna hii huanzia mahali pamoja: mtu amebadili mwaka, kisha akaacha mwezi na siku kama alivyozikuta. Mwaka, mwezi na siku ni kifungu kimoja, na hubadilishwa pamoja. Na tarehe ya asili isitupwe kamwe. Iandike kwanza jinsi ilivyo kwenye waraka, halafu weka ya kwetu pembeni. Hapa chini tarehe za Kijapani zitaandikwa kwa kifupi hivi: Keio 4/1/3, yaani enzi, mwaka, mwezi, siku.

Kusoma tarehe yenyewe

Tarehe kamili ya waraka wa zamani ina jina la enzi, namba ya mwaka ndani ya enzi hiyo, mara nyingi jina la mwaka katika mzunguko wa miaka 60, kisha mwezi na siku. Mwaka wa kwanza wa enzi hauandikwi kwa namba 1. Huandikwa 元年, na husomwa gannen. Ishirini huweza kuandikwa 廿 badala ya 二十. Mwezi wa kwanza huitwa shogatsu, na miezi yote ina majina ya kishairi: mutsuki, kisaragi, yayoi, uzuki, satsuki, minazuki, fumizuki, hazuki, nagatsuki, kannazuki, shimotsuki na shiwasu, kwa mfuatano kuanzia mwezi wa 1 hadi wa 12.

Alama ya kuangalia kwa makini kuliko zote ni 閏, uruu, inayotangulia namba ya mwezi. Inamaanisha mwezi wa nyongeza. Waandishi wa zamani waliifupisha wakiandika 壬, na hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu 壬 ni jina mojawapo katika mzunguko wa miaka 60 pia. Ikikaa mbele ya mwezi, ni mwezi wa nyongeza. Ikikaa kwenye mwaka, ni mzunguko.

Barua nyingi, hasa za karne ya 16, zina mwezi na siku tu. Hazina mwaka kabisa. Usizipe mwaka kwa kukisia; mwaka hutafutwa kutokana na watu na vyeo vinavyotajwa ndani ya barua.

Mwaka

Tangu enzi ya Taika, iliyoanza mwaka 645, hadi Reiwa ya sasa, orodha rasmi ina enzi 248, zikiwemo za makao mawili ya Kaizari yaliyoshindana kati ya 1336 na 1392. Huhitaji kuzikariri. Kwa kila enzi unahitaji namba moja ya kujumlisha kwenye mwaka uliopewa. Zinazotumika sana ni hizi:

- Keicho 1595, Genna 1614, Kan'ei 1623
- Genroku 1687, Kyoho 1715, Kansei 1788
- Bunka 1803, Bunsei 1817, Tenpo 1829
- Kaei 1847, Ansei 1853, Man'en 1859, Bunkyu 1860, Genji 1863, Keio 1864
- Meiji 1867, Taisho 1911, Showa 1925, Heisei 1988, Reiwa 2018

Kwa hiyo Kaei 6 ni 1847 + 6 = 1853, mwaka ambao meli za kivita za Perry, kamanda wa Kimarekani, ziliingia Uraga, karibu na Edo (Tokyo ya leo). Jihadhari na majina yanayofanana yakiandikwa kwa herufi zetu. Kan'ei ilianza 1624, na Kan'en ilianza 1748. Herufi moja ikikosewa, waraka umehama miaka 124.

Jibu hili la kwanza ni la muda tu. Linakuambia mwaka ambao sehemu kubwa ya mwaka wa Kijapani imeangukia, na bado hatujagusa mwezi.

Kabla ya Meiji, enzi zilibadilishwa wakati wowote: Kaizari mpya, moto mkubwa, tetemeko, tauni, au mwaka ulioaminika kuwa na mkosi katika mzunguko wa miaka 60. Mabadiliko yakitokea katikati, mwaka mmoja huwa na majina mawili. Mfano mzuri ni matetemeko makubwa ya Ansei, ya Tokai na Nankai, ya 23 na 24 Desemba 1854. Siku hizo zilikuwa Kaei 7/11/4 na 7/11/5. Enzi ilibadilishwa kuwa Ansei baadaye mwezi huohuo wa 11, na vizazi vilivyofuata vikayaita matetemeko kwa jina la enzi mpya. Waraka ulioandikwa wiki hiyo lazima useme Kaei.

Hiki ni kipimo kizuri cha uhalisi. Habari za enzi mpya zilichukua siku kufika mikoani, kwa hiyo hati ya kijijini inayotumia enzi ya zamani wiki mbili baada ya mabadiliko haina tatizo. Lakini hati inayotumia enzi mpya kabla haijatangazwa imeandikwa baadaye: ama ni nakala, ama imeghushiwa.

Meiji ina utata wake. Ilitangazwa Keio 4/9/8, yaani 23 Oktoba 1868, na amri ikasema ihesabiwe tangu mwanzo wa mwaka huo. Ndiyo maana vitabu vingine huandika Vita vya Toba-Fushimi kuwa vya Meiji 1, ilhali waliopigana hawakuwa wamelisikia jina hilo. Tangu hapo Kaizari mmoja ana enzi moja.

Mwezi na siku

Hadi mwisho wa 1872 Wajapani walifuata mwezi wa angani. Kama ilivyo kwa miezi ya Kiislamu, mwezi ulikuwa na siku 29 au 30. Lakini mwaka wa Kiislamu huachwa uzunguke majira yote, na wa Japani ulirudishwa kwenye majira kwa kuongezwa mwezi mzima, mara 7 katika kila miaka 19. Mwaka wa kawaida ulikuwa na siku 354 hivi. Wenye nyongeza ulifika 384.

Mwaka mpya uliangukia kati ya mwisho wa Januari na karibu 20 Februari. Kwa makadirio ya haraka, mwezi wa Kijapani umechelewa nyuma ya wetu kwa wiki tatu hadi saba: mwezi wa 5 ni Juni au Julai, mwezi wa 9 ni Oktoba hivi. Makadirio haya yanatosha kujua kama ilikuwa kiangazi au baridi. Hayatoshi kuandika tarehe. Kwa tarehe lazima utumie jedwali la ubadilishaji au programu inayojua urefu wa kila mwezi wa kila mwaka, kwa kuwa mpangilio wa siku 29 na 30 haukuwa na utaratibu wa kudumu.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni mwisho wa mwaka. Sehemu kubwa ya mwezi wa 12, na mara nyingine sehemu ya mwezi wa 11, huangukia mwaka wetu unaofuata. Sakamoto Ryoma, samurai mashuhuri aliyepigania kuondolewa kwa utawala wa shoguni, alizaliwa Tenpo 6/11/15. Ukijumlisha unapata 1835, lakini siku yenyewe ni 3 Januari 1836. Samurai 47 wa Ako, wakilipiza kisasi cha bwana wao, walivamia nyumba ya Kira Yoshinaka usiku wa Genroku 15/12/14. Jumlisha, utapata 1702, na ndivyo inavyoandikwa mara nyingi. Siku hiyo ilikuwa 30 Januari 1703. Kila ukiona mwezi wa 11 au wa 12, usiuamini mwaka uliopata kwa kujumlisha.

Mfano wa Ako una jambo jingine ndani yake. Uvamizi ulifanyika usiku wa manane ukishapita, kabla ya alfajiri. Kwa desturi ya wakati ule siku ilibadilika kulipopambazuka, basi saa hizo bado zilihesabiwa kuwa za tarehe 14. Kwa saa zetu ilikuwa tayari 31 Januari. Tukio lolote la usiku wa manane hadi alfajiri liandikie maelezo, usije ukalibishania na mtu ambaye naye yuko sahihi.

Mtego wa pili ni mwezi wa nyongeza. Ngome ya Edo ilikabidhiwa kwa jeshi la Kaizari Keio 4/4/11, na Vita vya Ueno, ndani ya mji huohuo wa Edo, vilipiganwa Keio 4/5/15. Kwa kuhesabu kwa vidole ni kama siku 34. Lakini mwaka huo ulikuwa na mwezi wa 4 mara mbili, wa kawaida na wa nyongeza. Ngome ilikabidhiwa 3 Mei 1868, vita vilikuwa 4 Julai: siku 62. Mwanahistoria anayeeleza mwendo wa vita hivyo bila mwezi huo wa nyongeza atawafanya majenerali waonekane wepesi karibu maradufu.

Kukagua kwa mwezi wa angani

Ukaguzi huu hauhitaji jedwali, na haustahili kurukwa. Siku ya 1 ya mwezi wa Kijapani ilipangwa kwa hesabu ya wanajimu, siku ambayo mwezi hauonekani kabisa. Haikungoja mwandamo uonekane kwa macho. Hivyo mwezi mchanga huonekana siku ya 2 au ya 3, na mwezi mpevu ni siku ya 15 au 16.

Kwa hiyo namba ya siku inakueleza mwanga wa usiku huo. Jenerali Akechi Mitsuhide alimshambulia bwana wake, mbabe wa vita Oda Nobunaga, katika hekalu la Honno-ji huko Kyoto, Tensho 10/6/2: usiku uliotangulia ulikuwa giza totoro. Samurai wa Ako, tarehe 14, walikuwa na mwezi karibu mpevu. Ukishabadili tarehe, angalia awamu ya mwezi kwa tarehe ya kwetu uliyoipata. Ikiwa waraka unasema siku ya 15 na tarehe yako inaangukia mwezi mchanga, umekosea nusu ya mwezi. Ikiwa waraka unasema siku ya 30 na jedwali linaonyesha mwezi huo ulikuwa wa siku 29, ama umesoma vibaya enzi au mwaka, ama mwandishi mwenyewe alikosea.

Kukagua kwa mzunguko wa miaka 60

Jina la mwaka katika mzunguko lina sehemu mbili. Ya kwanza inategemea tarakimu ya mwisho ya mwaka wetu: 4 kinoe, 5 kinoto, 6 hinoe, 7 hinoto, 8 tsuchinoe, 9 tsuchinoto, 0 kanoe, 1 kanoto, 2 mizunoe, 3 mizunoto. Kwa sehemu ya pili gawanya mwaka kwa 12 na utazame baki: 4 ne (panya), 5 ushi (ng'ombe), 6 tora (chui milia), 7 u (sungura), 8 tatsu (joka), 9 mi (nyoka), 10 uma (farasi), 11 hitsuji (kondoo), 0 saru (nyani), 1 tori (jogoo), 2 inu (mbwa), 3 i (nguruwe mwitu).

Chukua 1868. Tarakimu ya mwisho ni 8, tsuchinoe. Gawanya kwa 12, baki ni 8, tatsu. Herufi za tsuchinoe-tatsu kwa usomaji mwingine husomwa boshin, na vita vya mwaka huo huitwa Vita vya Boshin. Uwanja wa besiboli wa Koshien nao umebeba mwaka wake: ulifunguliwa 1924, kinoe-ne, ambayo kwa usomaji mwingine ni koshi, mwanzo wa mzunguko. Tumia mwaka uliopata kwa kujumlisha, hata kama siku yenyewe imevukia mwaka wetu unaofuata, kwa sababu jina la mzunguko ni la mwaka wa Kijapani.

Enzi na mzunguko vikipingana, amini kuna kosa na ulitafute. Waraka wenye mzunguko peke yake, bila enzi, unakupa miaka inayopishana kwa 60, na uchaguzi utategemea yaliyomo.

Mzunguko huu haukufa. Mwaka 1966 ulikuwa hinoe-uma, ambao imani ya zamani iliwatabiria mabaya wasichana waliozaliwa humo. Watoto waliozaliwa Japani walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.82 mwaka 1965 hadi takriban milioni 1.36.

Mpaka wa 1873

Meiji 5/12/2 ilikuwa 31 Desemba 1872. Kesho yake ikawa 1 Januari, Meiji 6. Siku zilizosalia za mwezi wa 12 zilifutwa. Amri ilikuwa imetolewa Meiji 5/11/9, wiki tatu tu kabla, na sababu moja ilikuwa pesa: watumishi wa serikali walilipwa kwa mwezi, na Meiji 6 ungekuwa na miezi 13. Kwa kubadili kalenda serikali iliokoa mshahara wa mwezi wa nyongeza, na wa mwezi wa 12 uliobaki na siku mbili.

Kwako wewe maana yake ni hii: tarehe za Meiji 1 hadi 5 zote ni za mwezi wa angani na lazima zibadilishwe, kuanzia Meiji 6 badili mwaka peke yake. Angalia pia kama mwandishi wa baadaye amekwisha kubadili. Kaizari Meiji alizaliwa Kaei 5/9/22, na siku yake ya kuzaliwa iliadhimishwa kuanzia 1873 tarehe 3 Novemba, kwa kuwa serikali yenyewe ilibadili siku hiyo ya 1852. Sherehe nyingine hazikubadilishwa hivyo. Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, iliyokuwa siku ya 15 ya mwezi wa 7, huko Tokyo huwa karibu na 15 Julai, sehemu nyingi za nchi karibu na 15 Agosti, na Okinawa bado hufuata mwezi wa angani.

Kalenda ya Ulaya nayo ina mipaka

Kwa matukio ya kabla ya Oktoba 1582, desturi ni kubadili kwenda kalenda ya Juliasi, iliyotumika Ulaya kabla ya ile ya Gregori tunayoitumia leo. Shambulio la Honno-ji ni 21 Juni 1582 kwa Juliasi. Kwa Gregori ingekuwa 1 Julai. Andika ni ipi umetumia. Baada ya 1582 tumia Gregori, ila uwe macho na Waingereza. Ofisi yao ya biashara huko Hirado, ya 1613 hadi 1623, iliandika kwa Juliasi, na Waholanzi wa mji huohuo waliandika kwa Gregori. Siku moja, mji mmoja, tarehe zinapishana kwa siku 10.

Saa

Wakati wa Edo, yaani zama za mashoguni wa Tokugawa, mchana uligawanywa mafungu sita na usiku mafungu sita, kuanzia kupambazuka hadi kuingia giza. Fungu la mchana Edo lilikuwa karibu saa mbili na dakika 40 katikati ya kiangazi, na karibu saa moja na dakika 50 katikati ya baridi. Kengele ilipigwa mara 9 usiku wa manane na adhuhuri, kisha ikashuka: 8, 7, 6, 5, 4, na kurudi 9. Mapigo sita ni kupambazuka au magharibi, kwetu karibu saa kumi na mbili. Kabla ya hesabu yalipigwa mapigo matatu ya kuwazindua watu, hayo hayahesabiwi. Usibadili saa ya Edo kuwa dakika kamili. Andika "karibu saa kumi alfajiri" na uishie hapo.

Umri

Mtoto alihesabiwa mwaka mmoja siku aliyozaliwa, na kila mtu akaongeza mwaka siku ya mwaka mpya. Ryoma aliuawa Keio 3/11/15, yaani 10 Desemba 1867. Kwa hesabu ya zamani alikuwa na miaka 33. Kwa hesabu yetu, tangu 3 Januari 1836, alikuwa na 31. Basi punguza mwaka mmoja au miwili, na kamwe usitoe mwaka wa kuzaliwa kwa kutoa umri wa kaburini kwenye mwaka wa kifo. Sheria ya umri kamili ilipitishwa 1902, lakini watu waliendelea na desturi, ikabidi sheria nyingine ianze kazi Januari 1950.

Karne ya 20 na sasa

Hapa hesabu ni nyepesi, isipokuwa kwenye maungio. Taisho ilianza 30 Julai 1912, Showa 25 Desemba 1926, Heisei 8 Januari 1989, Reiwa 1 Mei 2019. Showa 1 ilidumu siku 7, na Showa 64 siku 7 vilevile. Hati zilizotolewa mapema zinaweza kutaja miaka isiyokuwepo: leseni inayoisha Heisei 35 inaisha 2023. Endelea kujumlisha tu.

Neno nendo likifuata mwaka, ni mwaka wa fedha au wa masomo, unaoanza 1 Aprili. Februari 1990 imo ndani ya nendo ya Heisei 1. Na aliyezaliwa 1 Aprili huanza shule pamoja na waliozaliwa mwaka wa masomo uliotangulia, kwa kuwa kisheria umri hutimia siku moja kabla.

Silaha na mitambo ya kijeshi huchanganya hesabu tatu. Bunduki ya aina ya 38 ni Meiji 38, yaani 1905. Bastola ya Nambu ya aina ya 14 ni Taisho 14, yaani 1925. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 namba zilitoka kwenye hesabu inayoanzia mwaka 660 kabla ya Kristo: toa 660 upate mwaka wetu. Bunduki ya aina ya 99 ni 2599, yaani 1939, na ndege ya Zero ni 2600, yaani 1940.

Kuijaribu programu kabla ya kuitumia

Ingiza Keicho 5/9/15, siku ya Vita vya Sekigahara. Jibu sahihi ni 21 Oktoba 1600. Ikikupa 15 Septemba, iache. Kisha ingiza Meiji 5/12/2, ikupe 31 Desemba 1872. Mwisho ingiza Keio 4/5/15. Ikikupa 4 Julai 1868, inaujua mwezi wa nyongeza.